Watoto na Msitu wa Kwao



Nimeombwa niseme nanyi kwa muda mfupi juu ya jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo. Nalo ni habari ya kuwatoa watoto wetu nje, kuwapeleka msituni na ufuoni, wapate kuona kwa macho yao wenyewe vitu alivyoviumba Mwenyezi Mungu karibu na milango yao. Sisemi habari za safari za fedha nyingi, za magari na mahema. Nasema habari za mtu wa kijijini, mwanamume au mwanamke, asiyelipwa hata senti moja, aliye tayari kutoa asubuhi moja katika juma kwa ajili ya watoto wa jirani zake. Nataka kuwaonyesha kwamba mtu huyo akikosekana, msitu waweza kuwa mwendo wa nusu saa tu kutoka nyumbani, na mtoto akakua mpaka akazeeka asiujue.

Mimi nakaa pwani ya Kenya, katika nchi iliyo kati ya Kilifi na Malindi. Upande wa bara tuna msitu wa Arabuko-Sokoke, ambao ukubwa wake wapata kilomita za mraba 420. Nao ndio mkubwa kuliko misitu yote ya namna yake iliyosalia katika pwani ya Afrika Mashariki. Upande wa bahari tuna hori ya Mida, yaani mkono wa bahari ulioingia barani, wenye mikoko pande zote. Wageni husafiri kutoka Ulaya na Marekani waje watazame ndege wa mahali hapa. Wako viumbe wasiopatikana duniani ila huku kwetu na mahali pengine pachache sana: mathalan bundi mdogo wa Sokoke, ambaye urefu wake wapata sentimeta 16 tu, na sange mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu, mnyama mwenye pua ndefu, mbio zake kama mshale. Na katika matope ya Mida hutua kila mwaka vitwitwi waliotoka kuzaliana katika nchi za baridi za Siberia. Hayo yote wageni wayajua. Je, watoto wetu wayajua?

Siku moja, karibu na mwisho wa kazi yangu ya ualimu, nalikuwa nikifundisha somo la miti. Kitabu tulichokuwa nacho kilikuwa na picha ya mti wa Ulaya upukutishao majani wakati wa baridi. Nikatazama nje ya dirisha, nikauona msitu umelala kama mstari mweusi mwisho wa mashamba. Nikauliza, "Nani kati yenu amepata kuingia katika msitu ule?" Mikono michache ikainuka. Nikauliza tena, "Mliingia kufanya nini?" Mara mikono yote ikashuka, ila wa kijana mmoja aliyekawia kufahamu; naye alipowaona wenzake, akaushusha wake pia. Nilitambua sababu. Walikuwa wameingia kutafuta kuni bila ruhusa, wakaogopa kwamba nitawashitaki.

Basi nikaona ya kuwa katika darasa zima watoto walioujua msitu ni wale tu walioingia kwa kujificha, na waliosalia hawakuujua kabisa. Jambo hili lilinikaa moyoni siku nyingi.

Zamani haikuwa hivi. Mvulana alichunga mbuzi, akajifunza majina ya miti kwa sababu mbuzi hula huu na kuuacha ule. Msichana alimfuata bibi yake kuchuma mchunga na mnavu, akajua mboga na dawa kabla hajajua kuhesabu. Wazee wa Mijikenda waliwaonya vijana juu ya kaya, ile misitu mitakatifu yao, mahali pa kupita na mahali pasipopitwa. Mafunzo haya hayakuwa na kengele wala daftari, lakini yalikuwa mafunzo. Ndipo ikaja shule, nasi twaishukuru. Lakini shule ilichukua asubuhi, kisha ikachukua na alasiri, na siku hizi masomo ya ziada yamechukua hata Jumamosi. Muda uliobaki umechukuliwa na simu ya mkononi. Tena mashamba yameongezeka, malisho yamepungua, na sheria ya misitu imekuwa kali, kwa haki, maana bila sheria mashoka yangalikwisha kuumaliza msitu. Lakini sheria kazi yake ni kukataza. Haina mkono wa kumshika mtoto na kumwambia, Njoo utazame. Mkono huo lazima uwe wa mtu.

Nilipostaafu niliazimu kuwa mtu huyo. Sasa nitawaeleza jinsi nilivyoanza vibaya, kwa kuwa nadhani kosa langu litawafaa kuliko sifa zangu.

Niliwatangazia wazazi kwamba Jumamosi nitawachukua watoto kwenda Mida kutazama ndege. Wakaja watoto 14. Tulifika yapata saa nne asubuhi, tukakuta maji yamekupwa sana, matope na mchanga vimeenea mbali kama uwanja. Nikafurahi. Niliwaonyesha mkoko na mizizi yake iliyopinda kama miguu ya kiti, na mchu, ambao mizizi yake midogo huchomoza juu ya matope kama vidole, ipate kuvuta hewa. Niliwaonyesha mbegu ya mkoko inavyoota ingali juu ya mti mama yake, kisha huanguka kama mkuki na kusimama matopeni, ama huelea mpaka ipate mahali pake. Kisha tukaona kundi la ndege kwenye fungu la mchanga lililokuwa mbele, tukavuka kijito kidogo kilichofika vifundoni, tukaenda. Tukakaa huko. Tukala mihogo yetu, tukahesabu ndege, watoto wakachora.

Ilipopata saa saba tuligeuka kurudi. Fungu letu lilikuwa kavu bado, lakini kile kijito cha nyuma yetu kilikuwa kimekuwa mto. Mimi maji yalinifika kifuani. Watoto walikuwa wadogo, wengine hawakujua kuogelea, na maji yalikuwa yakienda kwa nguvu. Naliona aibu kupiga kelele, nikakawia. Na dakika zile za kukawia kwa ajili ya aibu ndizo ninazozikumbuka kwa uchungu mpaka leo. Mwishowe nilipaza sauti. Mvuvi mmoja mzee akanisikia, akaja na mtumbwi wake, akawavusha watoto kwa safari tatu pasipo kusema neno. Hakuumia hata mmoja. Kilichopotea ni ndapa moja ya mtoto.

Jioni ile mama mmoja alikuja kwangu. Aliketi, akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mwalimu, nilikuazima mwanangu. Sikukupa." Akaondoka.

Sikulala usiku ule. Nilitaka kuiacha kazi yenyewe, maana hapana aliyenituma, na aliyejituma mwenyewe huona ni rahisi kujirudisha mwenyewe. Lakini asubuhi nikaenda kwa yule mvuvi kumshukuru.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Keti."

Nikaketi. Akaendelea kushona wavu wake. Kisha akasema, "Nyumba yangu hii ni hatua chache kutoka pale mlipoingilia. Moshi wa jikoni mliuona. Mbona hukubisha hodi?"

Sikuwa na jibu. Nalikuwa nimesoma vitabu vya ndege, lakini mtu aliyeijua bahari ile miaka hamsini nilimpita mlangoni pake. Ndipo akanifundisha. Aliniambia ya kuwa wakati wa mwezi mwandamo na wakati wa mwezi mpevu ni siku za bamvua, maji hukupwa mbali na kujaa sana. Na siku za nusu ya mwezi ni maji mafu, hayaendi mbali wala hayarudi kwa nguvu. Jumamosi ile ilikuwa bamvua. Aliniambia kwamba maji hupwa kwa muda wa saa sita na kujaa kwa muda wa saa sita na zaidi kidogo, na kwamba kila siku huchelewa karibu dakika 50 kuliko jana yake. Tena maji hayajai sawasawa: saa ya kwanza huja polepole, mtu akadhani hayaji, lakini saa ya tatu na ya nne huja kwa haraka. Na jambo kubwa ni hili, kwamba maji hayaji kwanza kutoka mbele yako. Hujaza mikondo iliyo nyuma yako, nawe ungali umesimama pakavu.

Kutoka hapo nilikwenda nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Sikutafuta udhuru. Wazazi wengine walinisamehe, wengine walinikatalia watoto wao, nao walikuwa na haki. Kisha nikafanya jambo ambalo ingalinipasa kulifanya mwanzo: nilitafuta wenzangu. Nilimwomba yule mvuvi. Nilimwomba kijana mmoja aliyekuwa akiwaongoza wageni msituni. Nilimwomba muuguzi aliyestaafu. Na mwisho, kwa hofu nyingi, nilimwomba yule mama. Akasema, "Nitakuja. Si kwa kuwa nakuamini, bali nipate kuona kwa macho yangu." Nikamwambia kwamba hilo ndilo nililolitaka.

Tulikaa miezi miwili tukipanga, tusimtoe mtoto hata mmoja. Tulikwenda ofisi ya misitu kuomba ruhusa, tukapewa, na askari mmoja wa misitu akaagizwa afuatane nasi. Siku ya kwanza ya kuingia msituni walikuja watoto wachache kuliko mara ile, na mmoja wao alikuwa yule kijana aliyekawia kushusha mkono wake darasani. Alipomwona askari, alirudi nyuma ya wenzake. Tukaenda kwa njia nyembamba. Mara kijana yule akasahau hofu yake, akaita, "Mwalimu, wasikanyage hapo!" Tukasimama. Sisi tuliona chungu ya majani makavu tu, kama chungu nyingine yo yote msituni. Yeye akasema kwamba hayo si majani ya upepo, ni nyumba ya sange. Na kwamba sange mmoja hujenga nyumba kadha wa kadha, kusudi adui asijue amelala wapi. Na akishtuka hupiga majani kwa mkia kabla ya kukimbia.

Kijana aliyewaongoza wageni akakiri kwamba ni kweli. Askari akamwuliza, "Uliyajuaje haya?" Mtoto akanyamaza. Sote tulijua alivyoyajua: alikuwa akijificha kimya vichakani, huku askari wakipita. Askari naye akafahamu. Akatazama chini kidogo, kisha akasema, "Basi tuonyeshe nyingine." Na tangu saa ile mtoto yule akatangulia mbele yetu sote.

Wasikilizaji, nimewaeleza haya kwa sababu katika jambo hili moja limo shauri langu lote. Ujuzi wa msitu ulikuwapo kijijini. Mvuvi alikuwa nao, mama alikuwa nao, maana ndiye aliyewafundisha watoto baadaye kutofautisha mchunga na majani yasiyolika; hata mtoto mwizi wa kuni alikuwa nao. Kilichokosekana ni mtu wa kuwakusanya na kuwa tayari kuulizwa habari ya kila mtoto, akirudi na asiporudi.

Wala sisi si wa kwanza. Mwaka 1968 wanafunzi wa Kenya walianzisha vyama vya wanyama wa pori mashuleni mwao, navyo vikaenea nchi nzima kwa jina la Wildlife Clubs of Kenya. Uganda walianzisha vyama kama hivyo mwaka 1975. Tanzania nao walianza mwaka 1980, wakavipa jina zuri la Kiswahili, Malihai, yaani mali iliyo hai. Mwaka 1991 wanafunzi 12 wa shule mbalimbali za Dar es Salaam walikusanyika nyumbani kwa Bibi Jane Goodall, yule aliyekuja Gombe mwaka 1960 kuchunguza maisha ya sokwe, wakazungumza naye juu ya mambo yaliyowasikitisha katika nchi yao. Kutoka baraza lile kilizaliwa chama cha Roots & Shoots, ambacho maana ya jina lake ni mizizi na machipukizi, nacho kimeenea katika nchi nyingi za dunia. Bibi huyo alifariki mwaka 2025, na vyama vya watoto vingali vikiendelea.

Lakini waulizeni walimu watawaambia siri ya vyama hivi. Kila chama kina mlezi wake, naye huwa ni mwalimu atoaye saa zake bure. Mlezi akiwa hodari, chama hustawi. Nimeona mlezi akihamishwa shule, na katika muda mfupi chama kikabaki ubao tu uliopigwa rangi ukutani. Ndiyo maana nasema haifai kazi hii imtegemee mtu mmoja, hata awe mwema namna gani.

Tena mwaweza kuuliza: faida yake ni nini? Mtoto akimjua sange, atapata chakula? Jibu langu ni habari za Profesa Wangari Maathai. Mama huyu alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Ihithe, upande wa Nyeri. Alipokuwa mtoto alikuwa akienda kijito cha karibu kuteka maji, akicheza kati ya majani ya nduma, akijaribu kuokota mayai ya vyura aliyoyadhania kuwa shanga, naye hakufahamu kwa nini yakimponyoka vidoleni. Mama yake alimkataza kuokota kuni za mti wa mugumo. Alipokuwa mtu mzima alirudi, akakuta hali ya nchi imebadilika na kijito kimekauka. Mwaka 1977 akaanzisha kazi ya kupanda miti pamoja na akina mama wa vijijini, na miti waliyoipanda ikapita milioni 30. Mwaka 1999 watu waliokodiwa walimpiga kichwani hata akatoka damu, kwa sababu aliwazuia waliotaka kuugawanya msitu wa Karura ulioko Nairobi. Mwaka 2004 alipewa Nishani ya Nobeli ya Amani, akiwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Akafariki mwaka 2011. Na alipokuwa akipokea nishani ile mbele ya wakuu wa dunia, aliwaeleza habari za kijito kile na mayai yale ya vyura. Mtoto asiyepata kuona kijito hatakililia kikikauka.

Msitu wa Karura wenyewe ulipona. Lakini kwa miaka kadhaa watu wa Nairobi waliendelea kuuogopa kwa sababu ya wanyang'anyi. Ndipo wenyeji wa jirani walipojiunga katika chama cha kujitolea, wakashirikiana na idara ya misitu kuulinda na kutengeneza njia. Leo wazazi hutembea humo na watoto wao pasipo hofu. Hivyo msitu uliokolewa mara mbili: mara ya kwanza usikatwe, na mara ya pili usiachwe ukiwa.

Sasa, kwa mtu awaye yote anayesikia moyoni mwake kwamba yampasa kuanza kazi hii kijijini kwake, nina maneno machache ya shauri.

Kwanza, omba ruhusa kwa kila mwenye haki: wazazi, mzee wa kijiji, na ofisi ya misitu. Usiingie katika msitu wenye wanyama wakubwa bila mtu wa ofisi. Arabuko-Sokoke ina ndovu, nao hawajui kwamba wewe ni mwalimu.

Pili, usiende peke yako na watoto wa watu, hata mara moja. Wawe watu wazima wawili kwa uchache, na mmoja wao awe mwanamke. Mzazi ye yote atakaye kufuatana nanyi aruhusiwe siku yo yote bila kuuliza. Hesabuni watoto kwa sauti mnapoondoka, mnapopumzika, na mnaporudi.

Tatu, kabla ya kuvuka mahali po pote, bisha hodi katika nyumba iliyo karibu. Kama ni bahari, uliza mwezi una siku ngapi, na maji yataanza kujaa saa ngapi. Muwe mmekwisha rudi pwani kabla hayajaanza.

Nne, ondokeni mapema, kabla ya jua kali. Kila mtoto awe na maji ya kunywa na viatu, na asiye navyo aazimwe, asiachwe nyuma kwa ajili ya umaskini. Wafundisheni wasitie mkono katika shimo wala chini ya gogo. Mtu akiumwa na nyoka, msimchanje, msinyonye jeraha, wala msimfunge kamba ya kuzuia damu. Mlazeni, atulie, asiutumie mguu ule au mkono ule, mkamchukue hospitali upesi. Kwa hiyo jueni kabla ya kuondoka ni nani mwenye gari au pikipiki, na awe tayari.

Tano, wakumbukeni wasichana. Sisi tulikuta kwamba wavulana walikuja wote na wasichana wawili tu, kwa sababu Jumamosi asubuhi ni wakati wa kuteka maji na kufua. Yule mama ndiye aliyeligundua neno hilo, wala si mimi. Akasemezana na wenzake, na wavulana wakapangiwa zamu ya maji siku ya Ijumaa jioni. Walinung'unika, lakini waliteka. Siku hizi wasichana ni nusu ya kundi letu. Vilevile mtoto mwenye kilema aende. Chagueni njia anayoiweza, na wengine waende kwa mwendo wake.

Sita, msihubiri sana. Mtoto aliyeketi darasani siku tano hataki darasa la sita. Kaeni mahali pamoja kwa nusu saa, kimya, kisha kila mmoja aseme aliloliona. Msikate, msikusanye, msirudi na kiota wala yai. Mtoto akiuliza jina la ndege nawe hulijui, sema hulijui, na mkalitafute pamoja.

Saba, na la mwisho, tangu siku ya kwanza tafuta atakayeshika nafasi yako. Mpe kazi angali mgeni, mwache akosee neno dogo ukiwapo, asije akakosea kubwa usipokuwapo.

Najua wengine watasema, "Sina nafasi, nina shamba." Nami sisemi kila mtu aache shamba lake. Watu watano wakipokezana, kila mmoja atatoa Jumamosi moja tu katika majuma matano. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Wengine watasema, "Waongozaji wa wageni hulipwa, mbona mimi nifanye bure?" Neno hili nalo lina haki yake, kwa kuwa wako vijana wapatao riziki yao ya halali kwa kazi hiyo, na huko Gede tangu mwaka 1993 wakulima wa kandokando ya msitu hufuga buu wa vipepeo na kuwauza ng'ambo, hivyo msitu uliosimama huwaletea fedha. Lakini mgeni hutazama na kurudi kwao. Watoto wetu ndio watakaobaki na msitu huu, wauchunge au waumalize. Kuwaonyesha mali yao si kazi ya kukodiwa. Ni kama kumwonyesha mwana mipaka ya shamba la babu yake.

Yule mvuvi mzee amekwisha fariki, Mungu amrehemu. Siku hizi anayesoma mwezi na kuamua kama twende Mida au tusiende ni yule mama aliyekuja kwangu jioni ile. Yapata mara tatu mwaka huu ametukataza, na watoto wakasikitika, nasi tukarudi nyumbani. Na yule kijana wa nyumba za sange ni mtu mzima sasa. Yeye ndiye anayetangulia mbele Jumamosi zetu za msituni, na mimi, kwa kuwa magoti yangu yamechoka, nafuata nyuma pamoja na watoto wadogo, nikihesabu.

Wasikilizaji wangu, Jumamosi ijayo tokeni nje mtazame. Huenda kwenu hakuna msitu. Lakini pana kijito, au kilima, au mbuyu mmoja wenye popo. Mwulizeni mtoto wa kwanza mtakayekutana naye kama amepata kufika hapo, na alikwenda kufanya nini. Mkisikia jibu lake, mtajua kama kijiji chenu kinamhitaji mtu wa namna niliyoisema. Tena mtajua kama mtu huyo ni wewe.